Mfalme wa Akiba wa Huanshi Zhonglu

Uongozi wa Jengo la Biashara la Lango la Lulu, lililoko mtaa wa Huanshi Zhonglu, Guangzhou, China, uliwatangazia wapangaji, wateja na umma wote kwamba Jumamosi, saa tisa alasiri, orofa mpya ya mitindo ingefunguliwa rasmi na Mheshimiwa Edward Winterbourne, muigizaji wa jukwaa na filamu kutoka Uingereza. Mheshimiwa alizaliwa London. Alikuwa ameigiza kwa miaka thelathini na minane. Alikuwa mfalme kwa maonyesho tisini mfululizo. Watazamaji wa televisheni walimfahamu kama daktari, waziri, askari na baba mwenye majonzi. Uongozi ulikuwa umejiridhisha kuhusu uhalisi wake. Ingekuwa mara ya kwanza kwa Mwingereza halisi kusimama katika jukwaa la jengo hilo, na wote waliombwa wavae kwa heshima.

Tangazo lilibandikwa ndani ya lifti, kwa Kichina na kwa Kiingereza, kati ya bango la kampuni ya kusafirisha mizigo na onyo la kutotema mate. Juu yake palikuwa na picha ya mzungu mwenye mvi za kuaminika. Ernest Mwenda alilisoma akiwa amebanwa na marobota mawili ya nguo za watoto, mali ya Melania, aliyekuwa naye humo. Alilisoma mara moja kufikia orofa ya nne, akalirudia mpaka ya tisa. Lifti ilipofunguka, hakutoka.

"Kaka Ernest, toka bwana, watu wana mizigo," Melania alisema.

"Huyu ni mimi."

Melania akaitazama picha, kisha akamtazama Ernest, ambaye ni mweusi tii na ana upara. "Wewe uko wapi hapo?"

"Si picha. Maneno. Hayo ni maisha yangu."

Lifti ikajifunga ikawarudisha chini, na Melania, ambaye hapendi kupoteza muda wala lifti, kwa mara ya kwanza hakulalamika.

Ernest Mwenda alizaliwa London kusini mwaka wa sitini na tano. Mama yake, Kerubo, alikuwa muuguzi kutoka Kisii. Baba yake alikuwa Mmeru aliyekwenda kusomea uhandisi, akarudi Kenya kutangulia kuandaa nyumba, na kwa kadiri inavyojulikana bado anaiandaa. Kwa kuwa Mkisii na Mmeru hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania, nyumbani kulisemwa Kiswahili. Ndicho alichobaki nacho: Kiswahili cha miaka ile, chenye tafadhali na niwie radhi, ambacho wafanyabiashara wa Guangzhou hukisikiliza kama watu waliookota redio ya babu ikiwa bado inaongea.

Kerubo alitaka mtoto wake awe daktari. Alipata alichokitaka kwa namna yake. Ernest alipoingia chuo cha uigizaji na hatimaye kuonekana kwenye televisheni, alikuwa Daktari wa Pili. Mama alimtazama akiwa na sare yake mwenyewe ya kazi, akasema, "Sindano haishikwi hivyo. Utaua mtu." Miaka iliyofuata Ernest hakuua mtu, ila yeye ndiye aliyekufa. Alikufa kama mlinzi wa benki, kama dereva wa basi, kama waziri wa nchi ambayo haipo. Katika tamthilia moja ya hospitali alikufa mara tatu kwa majina matatu, na hakuna mtazamaji aliyeandika barua kuuliza. Waongozaji walimpenda kwa jambo hilo. Walisema hakuna anayeanguka kama yeye.

Na huyo mfalme wa maonyesho tisini? Hapo tangazo lilikuwa limeongeza chumvi kidogo. Ernest alikuwa mfalme wa akiba, kama mchezaji wa akiba kwenye mpira. Ukumbi wa viti mia nane ulikuwa na mfalme wake mwenye jina, na Ernest aliajiriwa kuyajua maneno yake yote endapo mwenyewe angepatwa na jambo. Maonyesho themanini na tisa mwenyewe hakupatwa na jambo. La tisini, akapatwa na homa. Ernest alivalishwa joho, akavikwa taji, akasimama nyuma ya pazia akisikia watu wakikaa. Ndipo meneja alipokuja akamwambia, kwa upole mkubwa, kwamba wameamua kuahirisha onyesho. Watazamaji, alisema, hawakuwa wameandaliwa. Watu mia nane walirudishiwa fedha zao. Ernest alirudisha taji kwa mwanamke wa mavazi, naye akamwomba atie sahihi kwamba amelirudisha bila mkwaruzo.

Ni jambo la kutafakari, hilo. Ukumbi mzima uliona giza ni afadhali kuliko yeye.

Guangzhou alifika miaka kumi na miwili iliyopita kwa ajili ya filamu ya mabaharia. Kampuni ilipiga picha siku nne, ikatoweka pamoja na meli. Ernest akaingia katika mkahawa wa Huanshi Zhonglu kufikiria la kufanya, na meza ya pili akasikia mwanamke akimtukana mtu kwa simu, kwa Kiswahili safi cha bara. Alikuwa Melania, mnunuzi wa nguo kutoka Kahama. Aliyekuwa akitukanwa ni wakala wa mizigo. Kilichosababisha ni vifungo.

Melania, alipoanza biashara, alifanya kosa ambalo kila mgeni wa soko la Shahe hulifanya: alisema ukweli. Pale Shahe muuzaji hakuulizi kwanza unataka nini. Anakuuliza inakwenda wapi. "Feizhou?" anasema, yaani Afrika, na wewe kwa fahari ya kwenu unaitikia ndiyo, Tanzania, Kahama, karibu sana. Hapo anainama na kuvuta kutoka rafu ya chini. Rafu ya chini ina blauzi zilezile, rangi ileile, lebo ileile. Ila mshono ni mmoja badala ya miwili, na vifungo huanguka ukivikazia macho. Misimu mitatu Melania aliivalisha Kahama nguo za rafu ya chini, mpaka mteja mmoja alimrudishia gauni la kipaimara likiwa vipandevipande ndani ya bahasha.

"Wewe ni wa wapi?" alimuuliza Ernest siku ile mkahawani.

"London, dada. Tafadhali niwie radhi, nimekusikia bila kukusudia."

"London kabisa? Una koti?"

Alikuwa nalo koti, la kijivu, la tamthilia ambamo alikufa mapema. Kesho yake Melania alimpeleka Shahe. Muuzaji alipouliza inakwenda wapi, Melania alijibu, "Huyu ndiye laoban. Bosi wa London." Ernest alichukua blauzi, akaigeuza ndani nje, akaupitisha mshono kati ya vidole viwili, akaiweka chini taratibu, akautazama ukuta. Alikuwa na maonyesho tisini ya ukimya wa kifalme ndani yake ambayo hayajawahi kutumika. Muuzaji akapanda ngazi, akashusha mzigo wa rafu ya juu.

Tangu siku hiyo kina mama wa Kahama wanavaa mishono miwili. Ndiyo kazi ndefu kuliko zote ambayo Ernest amewahi kuipata, na ndiyo pekee ambamo hajafa.

Lakini muigizaji ni muigizaji. Miaka miwili iliyopita alipeleka wasifu wake, ukurasa mmoja uliochapwa vizuri, kwa Bi Liang, wakala wa wageni wa kukodi. Kazi hiyo ipo na inajulikana: kampuni ikifungua duka au mtaa wa nyumba, hukodi mgeni avae suti, akate utepe, aitwe profesa. Bi Liang, ambaye kwenye kadi yake alijiita Elizabeth, aliusoma wasifu, akasema una uzito sana, akaubakiza. Hakupiga simu. Ernest hakuwa na nyumba, mke wala mtoto. Alichokuwa nacho duniani ni ule ukurasa. Sasa ulikuwa umebandikwa kwenye lifti chini ya sura ya mtu mwingine.

"Buda, huo ni wizi wa mchana!" alisema Njuguna, mnunuzi wa simu kutoka Nairobi, walipokutana mkahawani adhuhuri ile. "Wamekunyang'anya mpaka uzee wako. Si uende ukawake!"

"Nitakwenda kuuliza."

"Kuuliza? Mzae, mtu amevaa suruali yako, unaenda kumuuliza saizi?"

Alikwenda kuuliza. Bi Liang alimkaribisha kwa chai na hakuonyesha aibu, labda kwa sababu hakuwa nayo akibani siku hiyo.

"Wasifu wako ni mzuri mno," alisema. "Mteja ameupenda. Tatizo, mzee Mwenda, ni kwamba mteja anataka Mwingereza."

"Mimi ni Mwingereza. Pasipoti hii hapa."

"Najua. Lakini watu watakaokuja hawataiona pasipoti. Wataona," alizungusha kidole hewani kuuzunguka uso wake, akitafuta neno la adabu, "wataona jukwaa. Hawajaandaliwa."

Ernest akakiweka chini kikombe cha chai. Miaka ishirini na bahari tatu, na neno ni lilelile.

Bi Liang hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na kazi mbili mkononi na alitaka kumpa mojawapo. Ya kwanza, kuvaa ngozi ya chui na kupiga ngoma Mheshimiwa akiingia. Hiyo Ernest aliikataa bila kupandisha sauti. Aliwahi kuivaa mara moja, kwenye tangazo la biskuti. Kerubo alizima televisheni, akaenda zamu saa mbili kabla ya wakati, na hawakuizungumzia tena mpaka alipozikwa. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuieleza. Mheshimiwa Winterbourne kwa jina halisi aliitwa Vadim, mwalimu wa gitaa kutoka Moldova, mtu mwema, mvi safi. Ila akifungua kinywa, Kiingereza chake kilitoka kama samani zinazoshushwa ngazi. Ilihitajika sauti nyuma ya pazia. Vadim angechezesha midomo.

"Sauti yako itasikika na kila mtu," Bi Liang alisema. "Ni heshima pia."

"Nitakuwa nikisoma maisha ya nani?"

"Ya Mheshimiwa."

Ernest aliutazama ukuta, kama alivyozoea Shahe. "Nimekubali," alisema.

Melania aliposikia, alisukuma sahani ya wali kando.

"Kaka Ernest, sikiliza. Mimi sikusoma mambo ya maigizo. Lakini najua rafu ya chini na rafu ya juu. Wewe umeniinua mimi kwenye rafu, halafu mwenyewe unainama kwenda kulala chini nyuma ya shuka? Ukisimama nyuma ya hilo pazia, Jumatatu usinifuate Shahe. Nitatafuta Mwingereza mwingine."

"Njoo Jumamosi, dada. Mlete na Njuguna. Waleteni wote mnaowajua."

"Tuje kutazama pazia?"

"Tafadhalini."

Jumamosi walikuja. Sheria ya jengo ni kwamba kila mgeni aonyeshe pasipoti kwa mlinzi na kuandikishwa katika daftari: jina, uraia, saa, mlango. Mlinzi alikuwa mzee makini, mwenye kuandika polepole, na foleni ilifika mpaka kwa wauza vocha. Wapangaji wa Kichina walijaza safu za mbele. Nyuma yao walikaa wanunuzi wa Kitanzania na Kikenya na wachache wa Kikongo, Melania katikati akiwa na kilemba cha harusi. Alikuwa amesoma kwamba wavae kwa heshima.

Nyuma ya pazia, Vadim alikuwa akitokwa na jasho ndani ya koti refu na kofia ya juu.

"Samahani, mzee," alimwambia Ernest kwa Kiingereza chake. "Mimi nafundisha gitaa tu. Wameniambia wewe ni wa kweli."

"Usikunje magoti," Ernest alimwambia. "Kidevu juu. Usitazame watu, tazama ukuta wa nyuma. Hivyo. Sasa wewe ni mtu." Akamrekebisha kola. "Na nikija kusimama kando yako, usishtuke."

Vadim alifikiri. Ana binti wa miaka sita na hakuwa mjinga. "Nikishashtuka nifanye nini?"

"Piga makofi. Wengine watafuata."

Muziki ukapigwa. Mheshimiwa Winterbourne akaingia jukwaani, akapokewa kwa shangwe, akatazama ukuta wa nyuma. Ernest, gizani, maiki mkononi, akaanza: nimezaliwa London, nimeigiza miaka thelathini na minane. Midomo ya Vadim ilimfuata vizuri. Bi Liang, aliyesimama pembeni, alifumba macho kwa raha.

"Nimeandikwa kwamba nilikuwa mfalme kwa maonyesho tisini," Ernest akasema, na mwanzo huo haukuwamo katika karatasi. Midomo ya Vadim ikabaki wazi. "Hilo si kweli. Nilikuwa tayari kuwa mfalme kwa maonyesho tisini. Leo ni la tisini na moja."

Akalifungua pazia, akatoka.

Alikuwa amevaa lile koti la kijivu. Ukumbi ukatazama watu wawili na sauti moja, ukaanza kuhesabu. Bi Liang aliamka haraka kuliko uongozi. Alimpungia fundi mitambo, na fundi akaikata maiki katikati ya neno.

Hapa yafaa kueleza jambo kuhusu chuo cha uigizaji. Alikosomea Ernest kulikuwa na mwalimu wa sauti, ajuza mwembamba, aliyewasimamisha wanafunzi upande mmoja wa uwanja wa mpira, yeye akakaa upande wa pili na kitabu chake cha mafumbo, akasema atawasahihisha wale tu atakaowasikia. Walifanya hivyo wakati wa mvua. Alisema maiki ni ya wanasiasa. Alisema muigizaji hudaiwa sauti yake na mtu wa safu ya mwisho kabisa, aliyenunua tiketi ya bei ya chini, maana huyo ndiye aliyejinyima ili aje.

Ernest akainama, akaiweka maiki sakafuni, taratibu, kama blauzi ya rafu ya chini. Kisha akavuta pumzi.

"Jina langu ni Ernest Mwenda!"

Wanasema ilisikika mpaka kwa wauza vocha. Mtoto mmoja safu ya pili alidondosha aiskrimu. Alisema kwa Kiingereza, kile cha London kilichonyooka, kila neno likifika likiwa zima: kwamba maisha yaliyobandikwa kwenye lifti ni yake, kwamba aliyaandika mwenyewe, kwamba Daktari wa Pili ni yeye na waziri ni yeye. Kisha, kwa kuwa safu za nyuma zilikuwa zimesimama, akahamia Kiswahili cha Kerubo.

"Ndugu zangu, niwieni radhi. Katika tangazo wamesahau kuandika vifo vyangu. Nimekufa mara kumi na saba. Nimekufa kwa risasi, kwa moyo, kwa basi. Kila mara niliambiwa nianguke mahali ambapo sitamziba mwenye jina."

Walinzi wawili walikuwa wamepanda jukwaani sasa, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

"Zote kumi na saba nililipwa," Ernest alisema, akiwatazama. "Leo ni bure, kwa hiyo leo sianguki."

"Usianguke, kaka!" Melania alipaza. "Simama hapohapo!"

"Buda, waambie!" Njuguna akaitikia, amepanda juu ya kiti.

Vadim akavua ile kofia, akaitia kwapani, akaanza kupiga makofi. Safu za mbele zilimtazama Mheshimiwa wao. Mheshimiwa akipiga makofi, mgeni muungwana hufanya nini? Zikapiga makofi. Melania akaachia vigelegele vya Kahama ambavyo jengo lile halikuwa limeandaliwa kabisa kuvipokea, na walinzi, kwa kuona kwamba huenda ndivyo programu ilivyopangwa, wakasogea kando na kupiga makofi nao. Ernest alisimama katikati. Hakuinama upesi. Alikuwa amekaa sana kuungoja mwinamo ule, na aliupa muda wake.

Hakulipwa, na Bi Liang alimwambia hatapata kazi tena katika mji huu. Ernest alimshukuru, akamwomba ukurasa wake. Alirudishiwa ukiwa na duara la kikombe cha chai pembeni.

Jumatatu Melania alimpitia asubuhi na mapema bila kusema chochote kuhusu Waingereza wengine. Wakaenda Shahe. Muuzaji mpya, kijana asiyewajua, aliuliza, "Feizhou?" na mkono wake tayari ulikuwa unaelekea chini. Melania alifungua kinywa kusema laoban, bosi wa London.

"Ndiyo, Feizhou," Ernest alitangulia. "Kahama." Akanyoosha kidole kuelekea rafu ya juu, akakiacha hapo. Alikiacha mpaka muuzaji alipokwenda kutafuta ngazi.

"Kaka, umeanza kunitisha," Melania alisema.

Wiki hiyo hiyo uongozi wa Lango la Lulu ulibandika tangazo jipya mahali pa lile la zamani. Uliwashukuru wote kwa kufanikisha ufunguzi. Ulithibitisha kwamba Mheshimiwa Edward Winterbourne, Mwingereza halisi wa kwanza kusimama katika jukwaa la jengo hilo, alihutubia hadhira kwa umahiri, akisaidiwa na msanii mmoja wa Kiafrika.

Daftari la mlinzi liko mezani pake, mlangoni, na yeyote anayeandikishwa anaweza kulisoma. Ukurasa wa Jumamosi ile una Watanzania kumi na wanne, Wakenya tisa, Wakongo wanne, Mmoldova mmoja na Mwingereza mmoja. Huyo wa mwisho ameandikwa Mwenda, Ernest, saa nane na dakika kumi, mlango wa mizigo.